Mapinduzi na Upinzani wa Karne ya 17 na 18: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Matokeo Yake

Mwalimu akiuliza "linganisha matokeo ya mapinduzi", majibu mengi hufanana: mfalme aliondolewa, katiba ikaandikwa, utaifa ukakua. Si uongo. Ila ukimaliza kuyasoma bado hujui kama mtu aliyekuwa akishika jembe aliamka ana shamba lake, au aliamka ana bwana mwingine. Majibu yafuatayo yanaanzia kwa mtu huyo.

Ni matukio gani hasa yanayozungumziwa?

Yanayojulikana zaidi ni manne: Uingereza (1642 hadi 1689), Marekani (1775 hadi 1783), Ufaransa (1789 hadi 1799) na Haiti (1791 hadi 1804). Pamoja nayo zipo harakati ambazo zilizimwa, au hazikuzaa dola mpya: watu wa Mombasa dhidi ya Wareno kuanzia 1631, watu wa Pueblo dhidi ya Wahispania mwaka 1680 katika eneo ambalo leo ni New Mexico, Túpac Amaru wa Pili huko Peru mwaka 1780, na watumwa waliotoroka wakajenga makazi yao Brazil na Jamaika. Mengi yameachwa, kwa sababu anayelinganisha kumi na tano kwa mpigo halinganishi chochote.

Kwa nini tusitazame tu nani alishinda na nani alishindwa?

Kwa sababu ushindi hudanganya. Wakoloni wa Marekani walishinda vita, na nchi waliyoiunda ilihesabu watumwa karibu 700,000 mwaka 1790. Kufikia 1860 walikuwa wanakaribia milioni 4. Túpac Amaru wa Pili alishindwa, akauawa kikatili mbele ya umati, na hata hivyo sehemu ya unyonyaji uliomfanya aasi ilifutwa kisheria ndani ya miaka michache. Ukiandika "Marekani ilifaulu, Peru ilifeli" utapata alama zako, lakini hutakuwa umeeleza chochote.

Afadhali uulize mambo matatu: bunduki ziliponyamaza, ardhi ilikuwa ya nani? Nani aliilima, na kwa masharti gani? Na gharama ya vita ilibebeshwa nani? Maazimio na katiba yana uzito wake, lakini yasome baada ya kujibu hayo matatu.

Waingereza walimkata mfalme kichwa, kisha wakamrudisha mwanawe. Basi kilibadilika nini?

Charles wa Kwanza alikatwa kichwa tarehe 30 Januari 1649, na mwaka 1660 mwanawe alikalia kiti kile kile. Kwa mtazamo wa haraka, walizunguka mbuyu.

Tazama ardhi. Bunge lilikuwa limefuta malipo ya kikabaila ambayo wenye ardhi kubwa walikuwa wakimlipa mfalme, na mfalme aliporudi mwaka 1660 ufutaji huo ulithibitishwa. Wakubwa wakawa wamiliki kamili. Wakulima wadogo waliokuwa chini ya wakubwa hao hawakupewa uhakika kama huo juu ya vishamba vyao. Waliojaribu kuudai kwa vitendo ni kundi la Gerrard Winstanley, ambao mwaka ule ule wa 1649 walipanda mboga na maharage kwenye ardhi ya wazi huko St George's Hill, Surrey, wakisema ardhi ni hazina ya wote. Wenye ardhi wa jirani waliwapiga, wakawavunjia vibanda na kuwapeleka mahakamani. Mwaka haukuisha sana wakawa wametawanyika. Serikali ya jamhuri, iliyomuua mfalme kwa jina la wananchi, haikuwatetea.

Halafu kuna Ireland, ambayo husahaulika mtu akisifu Bunge la Uingereza. Majeshi ya Oliver Cromwell, jemadari wa Bunge, yalipomaliza kazi, ardhi ya Wakatoliki iligawiwa askari na waliokopesha fedha za vita. Mwaka 1641 Wakatoliki walishika kama asilimia 60 ya ardhi ya Ireland. Mwanzoni mwa karne ya 18 walibaki na asilimia 14 hivi. Kwa Mwairishi, hayo ndiyo yalikuwa mapinduzi ya Uingereza.

Matokeo ya 1688 na 1689, William na Mary walipokalia ufalme na Sheria ya Haki ikapitishwa, ni makubwa pia: mfalme hakuweza tena kutoza kodi wala kuweka jeshi la kudumu wakati wa amani bila idhini ya Bunge. Lakini Bunge hilo lenye nguvu mpya ndilo lililovunja ukiritimba wa Kampuni ya Kifalme ya Afrika mwaka 1698, likaruhusu mfanyabiashara yeyote wa Kiingereza kununua watumwa Afrika Magharibi mradi alipe ushuru. Wafanyabiashara walidai ruhusa hiyo kama haki ya raia huru, na biashara ya watumwa ikapanuka. Uhuru wa mmoja uliendeshwa melini juu ya mgongo wa mwingine.

Azimio la Uhuru la Marekani lilisema watu wote wameumbwa sawa. Lilimfaa nani?

Liliwafaa wanaume weupe wenye mali, na baadaye, kwa hatua, wanaume weupe wasio na mali. Hilo si jambo dogo. Kutokuwa na mfalme wala makabaila wa kurithi kulikuwa kitu kipya katika dunia ile. Kaskazini utumwa ulianza kuondolewa: Vermont kwenye katiba yake ya 1777, Pennsylvania kwa sheria ya 1780 ya kuwaacha huru polepole. Kusini haukuguswa, na Katiba ya 1787 iliyapa majimbo ya watumwa viti zaidi bungeni kwa kuhesabu kila watumwa watano kama watu watatu. Mtumwa hakupiga kura, ila alihesabiwa ili bwana wake awe na sauti kubwa zaidi.

Watumwa wenyewe walisoma hali vizuri. Novemba 1775 gavana Mwingereza wa Virginia, Dunmore, alitangaza kwamba watumwa wa waasi watakaojiunga na jeshi la mfalme watakuwa huru, na maelfu wakakimbilia upande huo. Vita vilipokwisha, watu weusi wapatao 3,000 waliandikwa majina New York na kusafirishwa kwenda Nova Scotia. Huko walipewa ardhi mbovu au hawakupewa kabisa, na mwaka 1792 kama 1,200 kati yao walivuka bahari kwenda Sierra Leone na kuanzisha Freetown. Hao ni watu ambao uhuru wao ulipatikana kwa *kupigana dhidi ya* mapinduzi.

Wenyeji wa asili walipoteza zaidi. Mwaka 1763 mfalme wa Uingereza alikuwa amepiga mstari kwenye milima ya Appalachia kuwazuia walowezi wasivuke kwenda magharibi. Baada ya 1783 mstari huo haukuwa na mwenyewe. Mwaka 1779, vita vikiendelea, jeshi la Washington lilikuwa limeshachoma vijiji na mashamba ya mahindi ya Wairokwoi.

Mwaka 1776 una uhusiano wowote na pwani yetu?

Upo, na haupendezi. Tarehe 14 Septemba 1776, kama miezi miwili baada ya Azimio la Uhuru la Marekani, Sultani wa Kilwa alitia mkono mkataba na Mfaransa aitwaye Morice. Kilwa ingempa watumwa 1,000 kila mwaka, kwa piasta (sarafu za fedha) 20 kila mtu, na Sultani angepata piasta mbili juu ya kila kichwa. Watu hao walikuwa wanapelekwa hasa kwenye mashamba ya Île de France, yaani Mauritius ya leo. Kilwa wakati huo haikuwa chini ya Wareno wala haikuwa imetiwa mkononi na Oman; ilikuwa huru, na hivi ndivyo ilivyoutumia uhuru wake.

Mkulima wa Ufaransa alipata nini?

Alipata kuliko mkulima wa Uingereza au mtumwa wa Marekani, na alipata kwa kulazimisha. Kiangazi cha 1789 wakulima walivamia majumba ya makabaila na kuchoma hati za madeni. Usiku wa tarehe 4 Agosti Bunge, kwa hofu, likatangaza kufuta ukabaila. Siku zilizofuata wajumbe walipotulia waliandika sheria ikisema malipo mengi yatafutwa *iwapo mkulima atayanunua*. Wakulima wengi walikataa kulipa, wakaendelea kugoma, na tarehe 17 Julai 1793 malipo hayo yakafutwa bila fidia. Miaka minne ya ukaidi vijijini ndiyo iliyofanya kile kinachosimuliwa kama kazi ya usiku mmoja.

Ardhi ya kanisa ilitaifishwa Novemba 1789 na kupigwa mnada. Waliokuwa na fedha za kununua walikuwa hasa matajiri wa mjini na wakulima wenye uwezo. Zaka nayo ilifutwa, lakini mwenye shamba aliruhusiwa kuongeza thamani yake kwenye kodi anayomtoza mpangaji, kwa hiyo aliyelima shamba la mwingine hakuonja unafuu huo. Hata hivyo Ufaransa ilibaki nchi ya wakulima wadogo wenye vipande vyao kwa zaidi ya karne nzima.

Kama wakulima walifaidika, mbona wale wa Vendée waliasi?

Machi 1793 serikali ilitaka askari 300,000 wapya, na wakulima wa magharibi mwa Ufaransa hawakuona kwa nini wafe kwa ajili ya watu wa mjini walionunua ardhi ya kanisa na kuwafukuza mapadri wao. Uasi wao ulizimwa kwa ukatili mkubwa. Mara nyingi huandikwa kama ushabiki wa mfalme na dini tu. Dini ilikuwemo, lakini nani alinunua shamba kwenye mnada nalo limo.

Wanawake je?

Kifupi: walifanya kazi, wakapata kidogo, wakanyang'anywa. Oktoba 1789 wanawake wa Paris ndio walioandamana hadi Versailles kwa ajili ya mkate na kumrudisha mfalme mjini. Sheria ya talaka ya Septemba 1792 iliwapa njia ya kutoka kwenye ndoa mbaya, na sheria za mirathi zikawapa mabinti fungu sawa na ndugu zao wa kiume. Lakini vyama vya wanawake vilipigwa marufuku Oktoba 1793, na siku chache baadaye Olympe de Gouges, aliyeandika azimio la haki za mwanamke, alikatwa kichwa. Sheria ya Kiraia ya 1804 ilimrudisha mke chini ya mumewe, na talaka ikafutwa kabisa 1816. New Jersey, Marekani, iliruhusu wanawake wasioolewa wenye mali kupiga kura tangu 1776, ikawafungia mlango mwaka 1807.

Peru, Micaela Bastidas, mke wa Túpac Amaru, ndiye aliyeendesha chakula, silaha na barua za jeshi, tena akimhimiza mumewe asichelewe kuishambulia Cusco. Mume alichelewa.

Kwa nini Haiti hupewa uzito kuliko yote?

Kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo waliokuwa chini kabisa walishinda na kushika nchi.

Usiku wa tarehe 22 Agosti 1791 watumwa wa uwanda wa kaskazini wa Saint-Domingue, kama Haiti ilivyoitwa wakati huo, walianza kuteketeza mashamba ya miwa. Hilo lilikuwa koloni tajiri kuliko yote ya Ufaransa, likiwa na watumwa kama nusu milioni, na zaidi ya nusu yao walikuwa wamezaliwa Afrika, wengi wakitoka Kongo. Tarehe 29 Agosti 1793 kamishna Sonthonax, akiwa anapigana na Wahispania na akiwahofia Waingereza, alitangaza uhuru wa watumwa wa kaskazini. Paris ilithibitisha jambo hilo kwa makoloni yote tarehe 4 Februari 1794. Ufuate mpangilio huo wa tarehe kwa makini: Azimio la Haki za Binadamu la 1789 lilikaa miaka minne na nusu bila kumgusa mtumwa hata mmoja. Waliolisukuma likamgusa ni watumwa wenyewe wenye mapanga.

Toussaint Louverture, aliyezaliwa utumwani, akawa gavana. Katiba yake ya 1801 ilisema utumwa umefutwa milele katika ardhi ile. Hapa ndipo swali la pili, la nani alilima na kwa masharti gani, linapouma. Oktoba 1800 Toussaint alitoa amri kwamba kila aliyekuwa mtumwa wa shamba arudi shambani, asiondoke bila kibali, chini ya usimamizi wa askari, kwa malipo ya robo ya mazao. Hoja yake ilikuwa na nguvu: bila sukari ya kuuza hakuna bunduki, na bila bunduki Wafaransa watarudi. Wafanyakazi nao hawakuwa wamechoma mashamba ili warudi kuwa manamba. Waliasi Oktoba 1801, na Toussaint akamuua mpwa wake mwenyewe, Moyse, kwa tuhuma za kuwaunga mkono. Miezi michache baadaye majeshi ya Napoleon yalitua, Toussaint akakamatwa kwa hila na kufia gereza la Fort de Joux tarehe 7 Aprili 1803, katika baridi ya milima ya Jura. Waliomaliza kazi ni jenerali wake Dessalines na wenzake, kwenye vita vya Vertières tarehe 18 Novemba 1803. Uhuru ulitangazwa Gonaïves tarehe 1 Januari 1804.

Baada ya hapo watawala wa Haiti walijaribu tena na tena kuwarudisha watu kwenye mashamba makubwa. Christophe alifanya hivyo kaskazini. Boyer aliandika Sheria ya Vijijini ya 1826 kwa lengo hilo hilo. Kusini, Pétion alianza kugawa ardhi kwa askari wake mwaka 1809. Wananchi kwa jumla walipiga kura kwa miguu: walipanda milimani, wakalima chakula chao na mibuni michache, na sukari ya kuuza nje ikakaribia kwisha. Ukisoma takwimu za bandari utasema nchi iliporomoka. Ukimtazama mtu aliyekuwa akichapwa viboko kwenye shamba la miwa, sasa anakula alichopanda na watoto wake hawauzwi. Kati ya matukio yote yanayolinganishwa hapa sioni lingine lililomsogeza mtu wa chini mbali kiasi hicho.

Basi kwa nini Haiti ilibaki maskini?

Sababu ni nyingi, zikiwemo ugomvi wa majenerali na ubaguzi kati ya machotara na weusi. Lakini jibu linaloruka mwaka 1825 halijakamilika. Mwaka huo mfalme Charles wa Kumi alituma manowari zake Port-au-Prince na hati: Ufaransa itaitambua Haiti, mradi Haiti ilipe faranga milioni 150 kwa mafungu matano ya kila mwaka, kama fidia kwa waliopoteza mashamba na watumwa. Serikali ya Haiti haikuwa na hata fungu la kwanza la milioni 30. Ikakopa benki za Paris, zikaandika deni la milioni 30, na kutoa milioni 24 tu mkononi. Mwaka 1838 jumla ilipunguzwa hadi milioni 90, na deni la kulipia deni liliendelea kuzaa madeni mengine hadi karne ya 20.

Aliyelipa hatimaye ni mkulima yule wa milimani, kupitia ushuru wa kahawa. Marekani haikutakiwa kuilipa Uingereza fidia ya kujitawala. Isitoshe, ilichelewa kuitambua Haiti hadi 1862.

Amri ya 1794 ya kufuta utumwa iliwafikia watumwa waliotoka pwani ya Afrika Mashariki?

Haikuwafikia. Mwaka 1796 wajumbe wawili wa Paris, Baco na Burnel, walifika Île de France na amri mkononi. Wenye mashamba, ambao walikuwa na mabunge yao na bendera ya mapinduzi juu ya nyumba zao, waliwarudisha melini kwa nguvu baada ya siku chache. Napoleon akahalalisha hali hiyo kwa sheria ya 1802. Watumwa wa Mauritius walisubiri hadi 1835, wakiwa tayari chini ya Waingereza. Wale wa Réunion, kisiwa jirani cha Wafaransa, hadi Desemba 1848. Jamhuri ile ile, amri ile ile: Saint-Domingue ilitekelezwa kwa sababu kulikuwa na jeshi la watumwa, huku Bahari ya Hindi wenye mashamba ndio waliokuwa na bunduki.

Túpac Amaru alishindwa. Alimwaga damu bure?

Jina lake la ubatizo lilikuwa José Gabriel Condorcanqui. Alikuwa kuraka, yaani chifu, na msafirishaji mwenye nyumbu wapatao 350 waliobeba mizigo kwenye njia za Andes. Alikwenda Lima mwaka 1777 kuomba kwa njia za kisheria watu wake waondolewe shokoa ya migodi ya fedha ya Potosí, akaambulia patupu. Donda jingine lilikuwa biashara ya lazima: mkuu wa wilaya wa Kihispania aliwapelekea wanakijiji nyumbu, nguo na bidhaa wasizoziagiza, kwa bei aliyojipangia, na asiyelipa akafungwa. Novemba 1780 Condorcanqui alimkamata mkuu wa wilaya ya Tinta, Antonio de Arriaga, na kumnyonga hadharani.

Tarehe 18 Mei 1781, katika uwanja mkuu wa Cusco, alilazimishwa kutazama mkewe na mwanawe wakiuawa, kisha akafungwa kwa farasi wanne wamchane. Farasi walishindwa, akakatwa kichwa. Hukumu iliendelea kwenye utamaduni: mavazi ya Kiinka, picha za wafalme wa zamani na michezo ya kuigiza ya Kikechua vikapigwa marufuku, na vyeo vya makuraka vikaanza kufutwa.

Lakini biashara ya lazima ilifutwa, wakuu wa wilaya wa mtindo wa Arriaga wakaondolewa mwaka 1784, na mwaka 1787 Cusco ikapewa mahakama kuu yake, jambo ambalo Túpac Amaru alikuwa amelidai. Wahispania walimuua mtu, wakatekeleza sehemu ya madai yake. Kwa upande mwingine, weupe waliozaliwa Peru waliogopa sana watu wa vijijini, na woga huo ni sababu mojawapo ya Peru kuchelewa kujitenga na Hispania. Uhuru ulipokuja, kodi ya kichwa ya Waindio ilifutwa mwaka 1821, ikarudishwa 1826, ikadumu hadi 1854. Jamhuri iliwatoza wale wale aliowatoza mfalme.

Watu wa Pueblo walifanya nini, na kwa nini hawatajwi?

Agosti 1680 kiongozi wao Po'pay alituma wakimbiaji kijiji hadi kijiji wakiwa na kamba zenye mafundo. Kila siku fundo moja linafunguliwa, na likiisha la mwisho wote wanainuka pamoja. Wakimbiaji wawili walikamatwa, ikabidi waanze siku moja mapema, na bado waliwafukuza Wahispania wote kutoka jimbo zima. Vijiji hivyo vilikuwa na lugha tofauti kabisa. Wahispania walirudi mwaka 1692. Kwa hiyo walishindwa? Mfumo wa kumgawia Mhispania vijiji vimlipe ushuru wa mahindi na nguo haukurudishwa tena, na mapadri walijifunza kufumba macho mbele ya ibada za jadi. Jamii hizo bado ziko kwenye ardhi zao leo, na sanamu ya Po'pay imesimama katika jengo la Bunge la Marekani. Hawatajwi kwa sababu hawakuandika azimio.

Watumwa waliotoroka walikuwa wanamapinduzi?

Inategemea ni wapi na lini. Jamaika, Cudjoe na watu wake waliwapiga Waingereza mpaka wakaombwa mkataba, tarehe 1 Machi 1739: uhuru na ekari 1,500. Kwa masharti ya kuwarudisha watoro wapya na kusaidia kuzima uasi. Mwaka 1760 Tacky alipoongoza watumwa kuasi kisiwani humo, aliyempiga risasi alikuwa mmoja wa watu hao huru wa milimani. Brazil, kiongozi wa makazi ya watoro ya Palmares, Ganga Zumba, alikubali makubaliano ya namna hiyo mwaka 1678, Zumbi akayakataa. Palmares ilibomolewa 1694 na Zumbi akauawa tarehe 20 Novemba 1695, siku ambayo sasa ni sikukuu ya kitaifa Brazil. Cudjoe aliwaachia wajukuu wake ardhi, na bado ipo. Sijui mtu angewezaje kumlaumu mmoja akamsifu mwingine bila kuishi zama zile.

Mombasa ya 1631 na 1698 iwekwe kundi gani?

Ni upinzani uliobadilisha mtawala bila kubadilisha sana mpangilio. Yusuf bin Hasan alichukuliwa angali mtoto hadi Goa, makao ya Wareno huko India, baada ya baba yake kuuawa kwa hila za Wareno. Akalelewa na watawa, akabatizwa Dom Jerónimo, akarudishwa Mombasa kuwa mfalme wa kuagizwa. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia Fort Jesus, ngome ya Wareno, akamchoma kisu kapteni wa ngome, akarudi kwenye Uislamu na kuwamaliza Wareno wa mji. Meli za Goa zilikuja 1632 zikashindwa kuitwaa ngome, lakini yeye aliondoka kwa hiari na kuwa haramia wa baharini. Wareno walirudi, ukoo wa kifalme ukakoma, na maandishi ya miaka ya 1630 juu ya lango la ngome yanajisifu jinsi miji ya pwani ilivyoadhibiwa. Yapo mpaka leo. Mgeni akitembelea ngome asiyapite.

Waliomng'oa Mreno ni Waomani, walioitwa na watu wa pwani wenyewe, baada ya kuizingira ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Waswahili walikuwa pande zote mbili: kati ya waliobaki kuitetea ngome maradhi yalipowamaliza Wareno alikuwamo Bwana Daud wa Faza. Kisha wenyeji wakagundua wameruka majivu na kukanyaga moto. Mwaka 1728 walimkaribisha Mreno tena dhidi ya magavana wa Oman, na mwaka uliofuata wakamfukuza kwa mikono yao wenyewe. Wamazrui wakaja kujitangazia utawala wao, mpaka Sayyid Said alipowaondoa mwaka 1837. Muda wote huo ugomvi ulikuwa juu ya nani akusanye ushuru wa bandari. Aliyelima shamba la tajiri wa mjini alikuwa mtumwa kabla ya 1631, na alikuwa mtumwa baada ya 1837.

Mapinduzi haya yaliambukizana?

Sana. Wanajeshi weusi na machotara huru wa Saint-Domingue walipigana upande wa Marekani huko Savannah mwaka 1779. Gharama za Ufaransa kuisaidia Marekani zilichangia kufilisika kulikomlazimu mfalme kuitisha wawakilishi mwaka 1789. Pétion wa Haiti alimpa Bolívar, kiongozi wa vita vya uhuru vya Amerika Kusini, silaha mwaka 1816 kwa sharti la kuwaacha huru watumwa, na Mkutano wa Panama wa 1826, uliotokana na wazo la Bolívar, haukuialika Haiti.

Liko ambukizo lingine la kusikitisha. Napoleon alipoipoteza Saint-Domingue hakuona tena haja ya Louisiana, akaiuzia Marekani mwaka 1803 kwa dola milioni 15, na ardhi hiyo ikafungua nafasi mpya kwa mashamba ya watumwa. Cuba nayo ikachukua soko la sukari, ikaagiza watumwa kwa wingi.

Ni sahihi kuyaita yote mapinduzi ya mabepari?

Kwa Uingereza inakaa vizuri, kwa Ufaransa nusu. Kwa Haiti haikai, labda ukiinyoosha mpaka ichanike.

Ninaandika insha ya kulinganisha. Nichague matukio gani?

Usichukue Uingereza na Ufaransa kwa sababu tu ndizo zilizojaa daftarini. Chukua Peru na Marekani: ni miaka ile ile, malalamiko ya kodi yale yale, ila waasi wa tabaka tofauti na matokeo yaliyopishana. Au chukua Haiti na Jamaika, visiwa jirani vya sukari, ambapo mmoja alipigana mpaka mwisho na mwingine akatia saini mkataba. Ukitaka kumshangaza msahihishaji, weka Saint-Domingue na Île de France kando kwa kando chini ya amri ile moja ya 1794, uonyeshe bunduki zilikuwa mikononi mwa nani katika kila kisiwa.